Ulimi Rasmi wa Kupimia Volti

Kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, Ofisi ya Majengo ya Umma ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu volti zote ndogo zitapimwa kwa ulimi wa Mkurugenzi Mkuu.

Uamuzi ulikuwa wa busara. Fundi wa vipimo, dada mmoja mbishi kwelikweli, alikuwa amebandika kihisi kwenye boriti ya ukumbi wa wananchi na kuunganisha nyaya zake mbili kwenye kinasa data. Boriti ikipinda, volti za nyaya hizo hutofautiana kidogo. Makelele ya umeme wa jengo huingia kwenye nyaya zote mbili sawasawa, kifaa huyafuta, hubaki tofauti tupu. Wiki iliyopita ilikuwa milivolti mbili. Sasa zilikuwa saba, yaani boriti ilizidi kupinda, na chini yake shangazi wa fundi alikuwa akifagia kila asubuhi. Fundi hakuwa na raha hata kidogo. Aliomba ukumbi ufungwe.

Mkurugenzi alizishika zile nyaya, akazilamba.

"Sisikii kitu," alisema. "Tofauti asiyoisikia Mkurugenzi haipo. Ukumbi unabaki wazi."

Fundi alinywea. Akarudi mezani kwake, akazisoma upya Kanuni za Vifaa vya Kupimia, kurasa arobaini zilizosainiwa na Mkurugenzi huyohuyo. Jumatatu asubuhi akamfuata na fomu. Alimweleza kwa adabu zote kuwa kifaa rasmi, ulimi wake ukiwemo, sharti kihakikiwe kwa siku tisini kikiwa kimefungwa kwa lakiri, yaani muhuri, na muda huo hakifanyi kazi nyingine yoyote. Anayevunja lakiri anapoteza cheo. Mkurugenzi, ambaye hajawahi kukataa sherehe yenye muhuri, alifumba mdomo kwa heshima. Ukazibwa kwa utepe, ukagongwa muhuri. Chakula kiliruhusiwa, kwa mrija, pembeni.

Saa nne kikao kilianza. Ajenda ilikuwa moja: kufunga ukumbi.

"Kuna anayepinga?" fundi aliuliza.

Mkurugenzi aligonga meza, akatikisa kichwa hadi miwani ikadondoka.

"Ishara haziingii kwenye kumbukumbu, mheshimiwa," katibu alisema. "Kanuni ni yako mwenyewe. Naandika hakuna aliyepinga."

Ukumbi ulifungwa kabla ya chai. Fundi alimshika shangazi yake mkono, akamtoa nje na ndoo yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile akashusha pumzi. Huko ndani Mkurugenzi aliandika, kwa hasira, ombi la kufunguliwa mdomo. Katibu alilisoma lote, akamrudishia. Maombi ya namna hiyo, alimkumbusha, hupokelewa kwa mdomo tu.