Sebule ya Barabarani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeudhika mpaka kwenye kope. Leo tena nimembeba shangazi mgongoni, kama furushi la sponji, kutoka mlangoni kwake hadi kwa shoga yake muuza vitabu pale kona. Kiti chake cha magurudumu kimebaki ndani. Njia ya miguu imejaa magari! Mama mzima, aliyenilea tangu nakojoa kitandani! Akaninong'oneza kwamba ana haja moja tu duniani: kwenda kwa shoga yake kwa mikono yake mwenyewe, bila kubebwa na bila kunusa kwapa langu.

Adui mkubwa ni mfamasia wa ng'ambo ya barabara. Gari lake jeupe hushinda mbele ya karakana yangu ya makochi. Nimemwomba alitoe. Akajibu kwamba barabara hii si ya baba yangu. Msomi vile, adabu hakuna!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wazo! Wenzangu huwaza kwa kichwa, mimi huwaza kwa mwili mzima. Kesho nitamwahi mfamasia, nilipie maegesho kama raia yeyote, kisha niegeshe makochi ukingoni mwa barabara. Watu wakae, waulizane: mji ni wa magari au wa watu? Hiyo ndiyo mipango miji. Sikufika sekondari, lakini nimetembea mimi. Nimeona miji ambayo hata njiwa wana benchi lao. Mke wangu akauliza nimeiona lini. Nikamwambia asinivurugie fikra.

Na kwa kuwa mjanja hapigi jiwe kwa ndege mmoja, makochi yote yatatazama karakana yangu. Mkaaji akiinua macho tu, uso kwa uso na kibao: FUNDI MFALME. Tangazo la bure!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya! Makochi matatu, zulia, na mti ndani ya ndoo. Mkata tiketi wa maegesho akalizunguka kochi la kijani akitafuta namba ya gari. Nikampa ada yake. Akasema ni lazima aandike aina ya chombo. Nikamshauri aandike kochi, abiria watatu. Akaandika! Akaenda zake. Mara akarudi, akavua viatu, akakaa.

Mfamasia akafika, akapiga honi weee. Shangazi akamwambia kutoka dirishani kwamba kochi halina masikio.

Lakini kilichofuata sikukitarajia. Watu wamejaa! Walimu, fundi viatu, kina mama na vichanga vyao. Wanabishana juu ya mitaro, taa na vivuko, mtu mpaka anasimama. Mimi nilidhani watakaa watatu, wasifu kochi, waagize. Jioni mfamasia naye akaketi, eti apumzishe mguu. Hakuondoka. Akakiri mbele za watu kwamba naye hajui mji huu ulipangwa na nani, na kama alikuwa macho.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya shangazi. Wenye magari wote, kama walivyokubaliana kochini, wameondoa magari yao kwenye njia ya miguu, hata mfamasia. Shangazi akatoka na kiti chake, kajifunga kilemba, kajipaka hina hadi viwiko. Watu makofi! Mimi nikainama kama mfalme anayeaga ikulu.

Akaja, akaja, akaja... kwaa! Gurudumu limekwama. Kwenye ukuta wa karakana yangu!

Na makochi yote, kwa akili zangu mwenyewe, yanautazama ukuta huohuo. Mkata tiketi akanyoosha kidole. Akasema nguzo za taa zimenyooka, nyumba zimenyooka, ila karakana ya fundi imetokeza mbele kama kitambi. Magari yalikuwa yanaificha.

Nilishtuka kuliko wote. Nikaeleza kwamba ukuta ule wa mbao ni wa muda tu. Mke wangu, ubavu wangu, akadakia kwamba ukuta wa muda umemzidi umri mwanetu wa kwanza, na mwanetu ananyoa ndevu.

Nikatoa suluhisho la kitaalamu: nikipunguze kiti cha shangazi, kiwe chembamba. Mimi ni fundi! Shangazi akasema nikigusa kiti chake atanipunguza mimi. Kisha akageuza magurudumu, polepole, kurudi ndani. Hakugomba tena. Hilo ndilo lililonimaliza. Shangazi yangu hanyamazi hata akipiga mswaki.

Mfamasia akaniletea nyundo. Mfamasia! Nyundo ya nini kwenye dawa? Akasema hakuna atakayegusa ukuta wa mtu, mwenyewe niamue.

Nikaipokea. Nikamwita shangazi asubiri. Pigo la kwanza, kibao cha FUNDI MFALME kikanidondokea begani. La pili, ukuta wote chini, na watu wakaja kubeba mbao. Karakana imebaki nusu, meza ya kushonea inachungulia nje kama mgeni asiyekaribishwa.

Shangazi akapita. Hakuangalia nyuma. Kule kona shoga yake alitoka, wakashikana mikono, nikasikia kicheko ambacho sijakisikia miaka. Vumbi likaniingia machoni. Macho yote mawili! Mfamasia akanipa leso, akasema hii haina malipo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Wiki tukufu. Shangazi anapita kutwa mara tatu, wakati mwingine bila sababu, kunikomesha tu. Watu wananisalimia kama mwasisi wa mji. Mfamasia anataka tuibane halmashauri itupe mabenchi ya kudumu. Nimekubali kuwa kiongozi kabla sijaombwa.

Ila nimegundua tatizo la kimipango. Njia ya miguu mbele ya karakana sasa ni pana mno. Inapwaya! Nafasi tupu ni upotevu, na mimi ndani sina pa kugeukia. Nimetoa kochi moja tu nje, pale ulipokuwa ukuta, na kulitilia kipaa kidogo cha turubai. Na vigingi vinne. Ni la muda. Shangazi ana breki nzuri, atajipindisha.

Namsikia hapo nje ananiita kwa jina langu kamili. Ngoja nitoke. Bila shaka amependa turubai.