Majani Mawili Tu

Jumatatu, 3 Juni
Bibi shamba amekuja. Dakika arobaini kamili. Kaweka majaribio kwangu na kwa Jirani: tuta moja la brokoli mbolea ya kuku, la pili mbolea ya dukani, na kila mche utolewe majani mawili ya chini. Mawili tu, akarudia, akinitazama mimi. Anataka kujua ipi italeta vichwa vikubwa na faida zaidi. Mimi nilitaka kujua kama anakunywa chai. Alisema ana haraka.

Alhamisi, 6 Juni
Hajaonekana. Nimempigia simu kumuuliza habari za mvua. Kasema ana mashamba mengi, ila akisikia mmea unaumwa huja siku hiyo hiyo. Nimezunguka matuta mara mbili. Brokoli zangu zina afya ya kuudhi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetoa majani sita kila mche. Mbolea ya dukani nimeiongeza mara tatu. Kisha nikampigia kwa sauti ya msiba. Kaja mbio! Alichuchumaa, akashika shina, akasema maskini wee. Aliiambia brokoli, lakini nilikuwa karibu. Jirani kachungulia juu ya ua kuuliza kama siku hizi nafuga mbuzi. Mtu hana haya.

Jumatano, 12 Juni
Nimetoa karibu yote yaliyobaki. Kakaa saa nzima, na chai kanywa. Tangu mke wangu afariki, miaka sita, kikombe cha pili kilikuwa hakijawahi kutoka kabatini. Bibi shamba alipoondoka sikukiosha. Nimemkumbuka kabla hajafika barabarani.

Jumatatu, 15 Julai
Mavuno. Vichwa vyangu ni kama vifungo vya koti. Vya Jirani, tuta la mbolea ya kuku, havishikiki kwa mkono mmoja, na wanunuzi wamevigombania. Bibi shamba katangaza kwamba la Jirani ndilo shamba la mfano. Atafika pale kila Jumanne na Ijumaa, msimu mzima. Kaniambia pembeni kwamba alitamani liwe langu, maana kwangu kuna chai nzuri. Nikamshukuru. Nikaingia ndani, nikalia kidogo.

Jumanne, 16 Julai
Wanacheka kule ng'ambo ya ua. Nimewaza asubuhi nzima nilipokosea, na nimepapata: nilikuwa na pupa. Miche ilikwisha kabla hajanizoea. Nimeagiza mingine mia mbili. Safari hii nitaiua polepole.