Ubingwa wa Ndondi za Mateke, Voi

Bwana Mgeni wa Heshima, ambaye hakuweza kufika. Bwana Mwakilishi wake, ambaye bado yuko njiani. Waheshimiwa machifu na manaibu wao. Wachungaji, mashehe na wake zao. Akina mama mnaokaa juani huku mimi nikikaa kivulini kwa niaba yenu. Wapenzi wa ngumi na mateke mliotoka Njukini, Salaita na Miasenyi bila kunywa hata chai: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Tumesema hatujambo, anza!)

Mimi, Onesmus, mwenyekiti wa Kamati Tekelezi ya Muda ya Ubingwa wa Ndondi za Mateke, nina furaha kuwatangazia kwamba tangu mlipotoa harambee ya kamba za mkonge na nguzo za kujengea ulingo, kamati yangu imekaa, ikaahirisha kukaa, ikakaa tena, na kwa mujibu wa feasibility study niliyoifanya mwenyewe nikiwa nyumbani, asilimia tisini na tisa ya wananchi wanapenda kuona mtu akipigwa teke, na asilimia mia na mbili wangependa awe mtu wanayemjua. (Vicheko. Sauti: "Kama wewe!") Asante, mchango mzuri.

Namwona pale kijana wetu Crispus, aliyeacha kazi ya kukata mkonge ili ajiandae kwa siku ya leo, akapiga mateke gunia la maharagwe la mamake mpaka maharagwe yakawa unga. Na mnyapara wake, aliyeketi mstari wa mbele, ameapa kwamba Crispus akitoka hapa bila ushindi, kazi asahau. Huo ndio moyo wa kujitolea! (Crispus anasimama, kaptura nyekundu, miguu mitupu. Shangwe. Anauliza: "Mheshimiwa, huyo bingwa wa Mombasa uliyeahidi nitapigana naye yuko wapi? Na ulingo je?")

Tulia, kijana. Bingwa yuko katika pipeline, yaani anakuja. Ulingo nao ulikuwa tayari kabisa, wa kiwango cha kimataifa, ila jana ndovu walipita hapa wakaukanyaga wote. (Mama Wakesho, mamake Crispus: "Ndovu gani? Mimi nauza uji hapa kila asubuhi, mbona sijaona hata kinyesi?") Mama, hao walikuwa ndovu wenye adabu. (Kicheko kikubwa. Mzee Mwandawiro, msokota kamba: "Na kamba zetu je?") Nakuja huko, mzee wangu, kila jambo lina protokali yake.

Kwa kumalizia, tuseme pamoja. Ngumi! (Juu!) Teke! (Juu!) Kamati! (Chini!) Hapo mmekosea, lakini nimewasamehe.

Nawashukuru nyote, na hasa wasokotaji wa kamba, kwa sababu tangu mlipozileta kwangu hakuna ng'ombe wangu hata mmoja aliyekata kamba, na zizi nililojenga kwa nguzo zenu limependeza kuliko ulingo wowote ambao tungejenga kama tungekuwa na nia ya kuujenga. (Crispus anakaza kaptura, anapanda jukwaani.) Nakushukuru pia wewe, Crispus, kwa... Crispus, hapa ni jukwaani! Crispus, tuelewane kama watu wazima! Wananchi, mkutano umefungwa! (Mama Wakesho anagonga sufuria ya uji kwa mwiko: kengele ya raundi ya kwanza. Mnyapara anasimama juu ya kiti: "Ukishinda hii, Jumatatu ripoti kazini!")