Bomba la Chumba cha Mama Mkwe

Kungekuwa na mashindano ya kujisifu, Bwana Godoro angebeba kikombe, kisha angebaki pale kuwafundisha waamuzi kazi yao! Alikuwa muuza magodoro, na kwa hesabu zake kitu chochote chenye sufi ndani kilikuwa chini ya mamlaka yake. Kwa hiyo alipoliona dukani bomba la hewa, lile la kupindika lililovikwa sufi na karatasi ya kung'aa, alicheka kwa dharau.

"Hili si godoro tu lenye tundu katikati?" alimwambia mkewe. "Fundi wa nini?"

Mashine ya kupoza hewa ilishafungwa darini na kuhudumia sebule. Vyumba viwili vya kulala vilikuwa na matundu matupu tu kwenye dari, kila kimoja kikisubiri bomba lake. Bwana Godoro alianza na chumba cha wageni, maana humo alifikia mama mkwe. Na hapo ndipo palipomuuma. Tangu amwoe binti yake, mama huyo hakuwahi kumwita mwanangu. Kwake alikuwa "huyu mwenzio" basi.

Akapanda darini amevaa miwani ya jua. Kule juu giza, joto na vumbi vilimpokea kwa pamoja. Alifunga ncha moja ya bomba kwenye tundu la mama mkwe, akaivuta ya pili huku akipapasa kuitafuta mashine, akakutana na mdomo fulani wa duara, akaufunga kwa utepe. Alishuka amejaa sufi hadi kwenye nyusi.

"Mama, andaa blanketi," alitangaza.

Mama mkwe alitazama dari, akaendelea kujipepea.

Baada ya chakula cha mchana Bwana Godoro alijitupa kitandani chumbani kwake, mkewe pembeni.

"Nakwambia wewe tu, mke wangu," alinong'ona. "Sijui nimefunga nini. Nilikuwa sioni kitu, nikaushika mdomo wa kwanza nilioupata. Mimi hata foronya huwa navalisha kinyume. Huu ufundi wote najitia tu."

"Sasa kwa nini hukumwita fundi?"

"Nilitaka mama yako aniite mwanangu. Hata mara moja. Mtu mzima mimi, napanda darini na miwani ya jua kwa ajili ya neno moja! Usimwambie, nitakufa kwa aibu."

Mara kikohozi kikasikika. Kilitoka darini.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama mkwe kutoka kwenye tundu lililo juu ya kitanda, karibu kana kwamba amelala katikati yao.

Bwana Godoro alivuta shuka hadi kidevuni.

"Hewa huku haijafika, lakini wewe nimekupata vizuri. Mwite fundi, mwanangu. Na akichelewa, zibeni hilo tundu kabla ya usiku."