Rundo Langu la Vichaka

Jumatatu, tarehe 3
Bwana misitu kapita. Kiangazi kikali, kasema. Kila mwenye msitu nyuma ya nyumba afyeke vichaka, moto ukija usipate pa kukanyaga. Atarudi Ijumaa kukagua. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tena jirani kwa bahati mbaya, alianza kufyeka bwana misitu hajamaliza kusema. Mtu wa pupa! Mimi nilimaliza chai yangu kwanza.

Jumanne, tarehe 4
Nimefyeka! Panga liliimba. Mgongo unauma ila simwambii mtu. Shemeji anasomba matawi yake kwa toroli hadi shimoni, mbali kabisa. Nani atayaona huko? Mimi yangu nayapanga kwenye ukuta wa jiko, upande wa barabara. Wapita njia wajue hapa pana mwanamume.

Jumatano, tarehe 5
Rundo limefika dirishani. Kavu, zuri. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia liko hapo kwa maonyesho tu. Kakunja godoro, kahamia kwa kaka yake. Harudi mpaka rundo liondoke, na nyumba ikiungua nisimwite. Wivu wa ukoo ule! Nimelala kwenye mkeka.

Ijumaa, tarehe 7
Bwana misitu kausifu msitu wangu. Halafu kaliona rundo. Kavua kofia, kajikuna kichwa. Nikajua kastaajabu.
"Mzee," akasema, "umeutoa moto msituni ukauleta jikoni."
Nilimshukuru. Si kila mtu anasifiwa hivyo.

Jumamosi, tarehe 8
Moto! Umeshuka kutoka mlimani, cheche zinaruka. Mke wangu na shemeji wakaja mbio na toroli, wakasomba rundo lote. Mimi niliwaelekeza, nimesimama juu ya kiti. Moto ukafika msituni kwangu, ukakosa cha kula, ukafa. Nilisema mimi! Shemeji kalala chini, hana hata pumzi ya kunitukana. Mke wangu karudi na godoro. Furaha yangu sikuionyesha.
"Mume wangu," akasema, "nikiona hata kijiti kwenye ukuta huu, naondoka, na sirudi tena."
Nimekubali. Mimi ni msikivu.

Jumapili, tarehe 9
Ukuta mtupu unasikitisha. Wapita njia hawageuzi hata shingo. Na kando ya choo kuna kichaka nilikisahau, kikubwa, cha heshima. Ukutani kakataza, nami nimeahidi. Paa hakulitaja.
Nimekwenda kwa shemeji kuazima ngazi.