Shairi la Ishirini

Jumatatu, 3 Machi
Profesa anayenisimamia amenichoka. Sura ya nne ifike Ijumaa, la sivyo jina langu linafutwa chuoni. Mwaka wa saba huu! Natakiwa kuchambua mtindo wa mashairi ishirini ya kale, ya wacha Mungu wanaomwita Mungu "Mpenzi". Ninayo kumi na tisa. La ishirini limo kwenye maboksi ya maktaba, pamoja na vumbi. Mimi na vumbi hatupikiki chungu kimoja. Nitalitunga mwenyewe. Mtunzi: hajulikani.

Jumanne, 4 Machi
Limekamilika kabla ya chai. Beti sita. "Mpenzi" mara tisa, moto mara nne. Mke wangu kalisoma, kauliza huyo Mpenzi ni nani. Mungu, nikasema. Akauliza tangu lini Mungu ana vishimo mashavuni. Nimemweleza habari za istiara nusu saa nzima. Kaninunia.

Jumatano, 5 Machi
Kurasa kumi na moja za uchambuzi! Kila nikichimba, mtunzi anazidi kuwa na kina. Ubeti wa tatu umenitoa machozi. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Tanbihi kwa kupenda kujaza maelezo chini ya kila ukurasa, kaomba nakala. Kichwa kikanivimba, nikampa.

Alhamisi, 6 Machi
Kisirani! Tanbihi kasimama kwenye semina na jedwali. Kwa ushahidi wa mtindo, alisema, mtunzi huyu hamjui Mungu hata kidogo. Ni mume mvivu, anamwogopa mkewe, na aliandika huku akisubiri chai. Makofi ukumbi mzima. Nikainuka kumtetea marehemu mtunzi. Profesa akataka kuiona karatasi yenyewe. Nikasema imeliwa na mchwa. Akauliza, tangu jana?

Ijumaa, 7 Machi
Profesa kaniita, kafunga mlango. Akasema, mwanangu, najua. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Nimeona aibu, sikatai. Kanipa hadi Jumatatu nilete shairi la kweli, au nikusanye vitu vyangu.

Jumamosi, 8 Machi
Maktabani tangu asubuhi. Chafya thelathini na moja. Nimelikuta kwenye boksi la kwanza. La kwanza! Beti nne, mwandiko wa mkono uliochoka. Mtu kamngoja Mungu mlangoni hadi kasahau alichokuja kuomba. Miaka saba, sijawahi kusoma kitu kizuri hivi.

Tatizo moja. Neno "Mpenzi" limo mara moja tu, na jedwali langu la sura ya nne linataka tisa. Nimemwongezea beti mbili. Naamini angeshukuru.