Koti la Mzoefu

Jumatatu, 10 Novemba

Makoti ya darasa yamefika. Ya zambarau. Mgongoni kila mtu ana jina la utani ambalo darasa lilimpigia kura. Yago Benevides ameandikiwa BINGWA. Mimi, Otoniel Prates, miaka kumi na mitano, msomaji wa vitabu, mwoga wa ngazi ya maktaba, nimeandikiwa MZOEFU.

Nikueleze ukweli wewe shajara, maana sina mwingine wa kumweleza. Sina uzoefu wa chochote. Tulipokuwa darasa la sita tuliambiwa tuandike insha ya likizo. Likizo yangu yote niliimalizia kwa Bibi Dorcelina nikichambua maharage. Nani ataandika habari za maharage? Nikaandika kwamba nilikwenda Tukanolandia, ile bustani kubwa ya michezo kule kusini, yenye hoteli yake ndani. Mara mbili! Kila kitu nilikitoa kwenye kijitabu cha matangazo nilichookota kwa daktari wa meno. Ndani yake mlikuwa na picha ya Kondori, treni inayopanda mpaka mawinguni kisha inaporomoka na kupindua watu vichwa chini. Niliandika: "Tumbo langu lilibaki juu, likinisubiri nirudi kulichukua."

Dona Zuleide, mwalimu wetu wa Kireno, alicheka hadi machozi. Akaibandika insha ukutani. Ipo mpaka leo, imegeuka rangi ya chai. Kwa sababu ya insha ile amenichagua kuwa msemaji wa darasa kwenye mahafali ya Desemba. Yago ni wa akiba.

Na safari ya kuagana ya darasa la tisa ni ya kwenda wapi? Tukanolandia. Keshokutwa.

Dona Zuleide akijua, sina hotuba. Hilo naweza kulivumilia. Uso wake ndio sitauweza.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango: kuugua. Nimeweka kipimajoto ndani ya kikombe cha kahawa. Kikasoma nyuzi hamsini na nane. Bibi Dorcelina akakitazama, akanitazama, akasema kwa kiwango hiki ningekuwa nimezikwa tangu juzi. Akaenda bustanini, akarudi na majani ya boldo. Vikombe vitatu! Boldo ni chungu kuliko majuto. Hadi saa nne nilikuwa mzima kuliko nilivyozaliwa.

Amesema, "Mjukuu wangu, hiyo si homa. Ni woga. Na woga nao boldo inautibu."

Haiutibu. Kanifungia kuku na farofa, unga wa muhogo wa kukaanga, vya kula njiani. Nimekaa chumbani nikikariri kijitabu.

Jumatano, 12 Novemba

Ndani ya basi. Mwendo wa saa kumi na nane. Nyuma wanaimba wimbo wa darasa, na wimbo wenyewe una ubeti mmoja tu. Joto kali, lakini koti halivuliwi. Ni sheria ya darasa.

Dona Zuleide amevaa kofia ya kiume, kubwa, inamfunika masikio. Amenipa kipaza sauti, akasema mwenzetu aliyefika mara mbili atueleze. Nilikusudia kukohoa na kurudi kukaa. Badala yake nikasikia sauti yangu ikieleza kwamba lango kuu linatazama mashariki, kwamba gurudumu kubwa liko kando ya ziwa, na kwamba vyoo viko nyuma ya gurudumu, mkono wa kushoto. Wakapiga makofi!

Nilikuwa na aibu. Lakini, niseme kweli, pia nilivutiwa kidogo na sauti yangu.

Yago akainama kutoka kiti cha nyuma. "Oya Mzoefu, Kondori ulikaa kiti cha mbele au cha nyuma?" Nikasema cha katikati. Akasema, "Mara zote mbili?" Nikajifanya nimelala. Macho wazi, lakini kichwa nimeelekeza dirishani.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya aibu tatu. Naziandika kwa mpangilio wa ukubwa.

Ya kwanza, hotelini. Tumepewa kadi badala ya funguo. Mlango ulifunguka, lakini taa zikagoma. Nimebonyeza kila kitu ukutani, na picha ya ndege pia. Yago, ambaye kwa bahati yangu ndiye nimepangwa naye chumba, akauliza gizani, "Mzoefu, taa je?" Nikamjibu kwamba hapa mgeni hupumzisha macho kwanza. Tukakaa robo saa tukipumzisha macho, mapazia yamefungwa. Akaja mama wa usafi, akachomeka kadi kwenye kijisanduku kando ya mlango. Mwanga! Akatuuliza kama tuna msiba.

Ya pili, vyoo. Nimeongoza watu kumi na mmoja, Dona Zuleide akiwemo, hadi nyuma ya gurudumu, mkono wa kushoto. Nikafungua mlango kwa kujiamini. Ndani alikuwa mtu mzima, chini ni ndege wa manyoya ya njano, juu ni bwana mwenye kipara anayekula mkate. Domo kubwa lilikuwa limewekwa mezani. Mtoto mmoja aliyepita na wazazi wake aliona, akalia kama aliyefiwa. Yago akasema, "Mzoefu, choo chako kina mdomo." Nikasema wamevihamisha. Ni kweli walikuwa wamevihamisha! Bwana Kipara mwenyewe alithibitisha. Ni neno pekee la kweli nililotamka wiki hii, na hakuna aliyeniamini.

Ya tatu sitaki kuiandika. Naiandika.

Jioni tulipita mbele ya Kondori, tukapanga kuipanda kesho. Nilitangulia kusoma mabango, kwa sababu mimi husoma mabango. Kwenye mlango wa foleni pana kibao cha shaba: "Kondori. Ilizinduliwa tarehe 14 Oktoba 2023."

Insha yangu ni ya Machi 2022.

Nimerudi chumbani, nimetoa kijitabu mkobani. Chini ya picha ya Kondori, kwa herufi za ukubwa wa chawa, pameandikwa: "Hivi karibuni."

Mimi! Ninayesoma hata maelekezo ya sabuni!

Ijumaa, 14 Novemba

Mpango namba moja: kusimama mbele ya kibao. Nilifika mapema, nikakifunika kwa mgongo. Nilisimama dakika arobaini. Watu wakadhani mimi ni mfanyakazi. Bibi mmoja aliniuliza foleni ni ya muda gani, nikamwambia saa moja na nusu, akanishukuru akaondoka. Nikawaambia watu wengine sita hivyo hivyo. Kumbe foleni ilikuwa ya dakika kumi. Mfanyakazi halisi, dada mmoja mwenye filimbi, alikuja kuniomba kwa heshima niache kufukuza wageni.

Mpango namba mbili: koti. Nililivua, nikalitundika juu ya kibao vizuri, mikono ikaning'inia huku na huku. Tarehe haikuonekana. Safi! Nikaenda kunywa maji na kujipongeza.

Niliporudi vipaza sauti vya bustani nzima vilikuwa vinatangaza. Koti la zambarau limeachwa mlangoni mwa Kondori, mwenyewe anayeitwa Mzoefu aje kulichukua. Mzoefu! Mlangoni mwa Kondori! Mzoefu! Mara tatu. Darasa zima likaja mbio kuona. Hakuna kibao katika historia ya jimbo la Santa Catarina kilichowahi kuvuta watu kiasi kile.

Dona Zuleide alifika kabla ya wote. Nilimwona kwa mbali. Alimwambia dada wa filimbi kwamba koti ni la mwanafunzi wake. Akaliondoa. Akasoma.

Alilikunja koti polepole, mikono ndani, kama mtu anayekunja nguo za mtoto. Halafu akageuka, akasimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi, mgongo wake ukifunika tarehe. Wanafunzi wakapita mmoja mmoja. Yago alinyoosha shingo, akauliza hapo nyuma pana nini. Dona Zuleide akamjibu, "Pana mwalimu wako, Yago. Songa mbele." Akasonga.

Natamani angenipiga kelele. Nimesoma vitabu vingi, sijapata kusoma aibu ya namna ile.

Walipokwisha kupita akanipa koti na kusema, "Twende, mwanangu." Nikasema kichwa kinaniuma. Akasema kule juu kuna upepo mzuri. Akavua ile kofia, akamkabidhi dada wa filimbi, akamwomba aishike kwa mikono miwili.

Tulikaa kiti cha mbele.

Sikumbuki mengi. Nakumbuka milio ya mnyororo, tka, tka, tka. Nakumbuka bahari. Nakumbuka nikimwomba Mtakatifu Antoni, Mtakatifu Benedikto, na mwishowe daktari wa meno. Chini wanauza picha ya kila kiti. Katika yetu, Dona Zuleide ameinua mikono juu, mdomo wazi, anacheka kama binti wa miaka kumi. Mimi sina uso. Uso wangu umo ndani ya kwapa lake.

Yago amepiga picha ya hiyo picha.

Tuliposhuka niliketi ukingoni mwa bustani ya maua. Dona Zuleide akavaa kofia yake, akaketi kando. Akasema, "Otoniel, tumbo halibaki juu. Linapanda shingoni."

Nikasema ndiyo, mwalimu.

Jumamosi, 15 Novemba

Basi la kurudi. Nyuma wanapitisha simu ya Yago mkono kwa mkono na kucheka. "Mzoefu wa kwapa!" Sawa. Nastahili.

Saa tatu asubuhi Dona Zuleide aliniita kiti cha mbele. Alianza kwa kunipa machungwa. Kisha akanieleza kuhusu kofia. Ni ya marehemu mumewe, Seu Anselmo. Mwaka ule wa darasa la sita alikuwa kitandani, amekonda, hataki kula wala kusema. Dona Zuleide alikuwa akisahihisha insha kando ya kitanda. Alipofika kwenye tumbo langu lililobaki juu, alimsomea. Seu Anselmo akacheka. Akaomba arudiwe. Kila jioni akaomba arudiwe. Akasema akipona watakwenda kulitafuta tumbo la yule mtoto.

Hakupona.

Nilitaka basi lifunguke sakafu nibaki barabarani. Nikamwambia yote: maharage, kijitabu, kipimajoto. Nikamwambia ampe Yago hotuba. Akamenya chungwa jingine. Akasema hotuba ya Yago itakuwa ndefu, ataisikiliza hadi ashikwe na njaa, na wa akiba abaki wa akiba. Lakini ana sharti moja. Siku ya mahafali, mbele ya wazazi, nieleze mwenyewe kwamba insha ilikuwa uongo, na kwa nini. Kwa maneno yangu. Kwa ukweli.

Nikaahidi. Nikalia kidogo. Akasema nisifute kamasi kwa koti, bado lina mahafali ya kuhudhuria.

Nimebadilika kabisa. Naandika hapa ili niwe na ushahidi: sitasema uongo tena maishani.

Jumapili, 23 Novemba

Hotuba imekwisha! Nimetimiza ahadi. Katika aya ya pili nakiri hadharani kwamba insha ilikuwa ya kubuni.

Tatizo lilikuwa "kwa nini". Ukweli ni kwamba niliona maharage ni aibu. Niliuandika hivyo. Nikausoma kwa sauti. Hauna uzito. Watu wamevaa suti, wamekuja kutoka mashambani, niwaambie maharage? Nikaufuta. Nikaandika kwamba bibi yangu mpendwa aliniahidi kunipeleka Tukanolandia, lakini akaaga dunia kabla ya safari, na mimi mtoto mdogo nikasafiri kwa kalamu ili kumtimizia ahadi. Nililia mwenyewe nikiiandika. Ni aya bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Yago atakoma!

Bibi Dorcelina ameingia chumbani na mkate wa jibini wa moto, akauliza naandika nini. Amekwisha kushona gauni la buluu la mahafali. Amewaambia majirani wote. Ameomba kiti cha mstari wa kwanza.

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nimemwambia mahafali yameahirishwa kutoka Ijumaa hadi Jumamosi. Amesema vizuri, basi Ijumaa atapita shuleni kumpelekea Dona Zuleide jibini, kumshukuru kwa kunilea. Nikamwambia Dona Zuleide hali jibini. Linamdhuru.

Katika jimbo letu zima la Minas, nyumbani kwa jibini, hakuna mtu asiyekula jibini. Bibi amenitazama muda mrefu. Kisha akasema maskini mwalimu wa watu, akatoka bustanini kuchuma boldo.

Nadhani ameamini.